Wifi Yangu Aliyezuia Maji

Mimi ni fundi cherehani, na mdomo wangu hauna breki, hilo mtaa mzima unalijua. Kwa hiyo nianze na ukweli ili tusisumbuane huko mbele: mke wa mdogo wangu sikumpenda. Miaka kumi na moja nilikaa naye kwenye familia moja, nikala naye, nikacheka naye kwenye sherehe za watu, na moyoni sikumpenda hata chembe. Leo ukimsema vibaya mbele yangu, jiandae. Nitakupa vidonge vyako hadharani, na nguo yako uliyoniletea nipunguze utaichukua hivyo hivyo ilivyo.

Kosa lake lilikuwa moja tu: anapima. Ni mpimaji kwenye kiwanda cha unga. Anakaa kwenye kibanda cha vioo karibu na mlango wa kupakilia, magunia yanapita mbele yake juu ya mizani, yeye anaandika. Gunia likipungua hata robo kilo, analirudisha. Wapakiaji wanamwita Mizani, wengine kwa hasira, wengine kwa mzaha. Maneno yake machache, sauti ya chini, kalamu nyuma ya sikio hata akiwa jikoni. Kabla ya harusi yao nilimshonea gauni kwa mikono yangu, tena bure. Akalivaa, akashukuru vizuri, kisha akatoa utepe kwenye mkoba akapima pindo mbele ya macho yangu. Upande wa kushoto ulikuwa umezidi nusu inchi. Na kweli ulikuwa umezidi. Lakini jamani, mtu anapima pindo aliloshonewa na wifi yake? Tangu siku hiyo na mimi nikaanza kumwita Mizani, na kwangu haikuwa mzaha.

Mdogo wangu ni fundi redio. Mafigo yake yalikufa yote mawili hajafika hata miaka thelathini na tano, kwa presha ambayo hakuna aliyejua kwamba anayo. Tukapimwa ukoo mzima. Mama alikataliwa kwa sababu ya umri, Mizani damu yake haikuendana, mimi nikaendana naye kama vitambaa viwili vya jora moja. Nikatoa figo langu, akapandikizwa. Najivunia? Najivunia, tena bila haya. Kovu langu liko ubavuni, na wateja wangu karibu wote wameshaliona, hata wale waliokuja kufupishiwa suruali tu. Kwa miaka sita iliyofuata hakikupita kikao cha familia bila mimi kulitaja lile figo. Nikibishana na Mizani, hata juu ya rangi ya mapazia ya nyumba yake mwenyewe, nilikuwa namalizia kwa kumuuliza: kwani figo la nani? Naye ananyamaza.

Mdogo wangu alipotoka hospitali baada ya kupandikizwa, daktari alitupa maagizo mawili makubwa. La kwanza, dawa za kushusha kinga ya mwili, asubuhi na jioni, asiruke hata siku moja, maana kinga ikiamka italiona lile figo ni mgeni na kulishambulia. La pili, anywe maji ya kutosha kila siku. Dawa zikawa kazi ya mkewe. Maji nikayafanya sheria yangu. Nikatangaza kwamba hakuna mtu kumsalimia mdogo wangu mkono mtupu: unampa glasi ya maji kwanza, ndipo unampa mkono. Maji kwanza, salamu baadaye.

Ilianza kama utani, ikawa mila ya ukoo. Shangazi akipiga hodi anaelekea jikoni kabla hajavua viatu. Wateja wa redio nao wakajifunza, anaingia na redio yake kwapani na glasi mkononi. Binti yangu wa mwisho alijua kubeba glasi bila kumwaga kabla hajajua kufunga kamba za viatu vyake. Watu wengine wakipigiana simu wanaulizana habari za nyumbani, sisi tunaulizana kama ameshakunywa. Na mimi ndiye niliyekuwa mkuu wa maji yote hayo, mnaniona?

Mwaka jana, mwezi wa joto kali, tumbo lilimshika. Zahanati wakasema vidonda vya tumbo, wakampa dawa ya vidonda. Hakupata nafuu. Siku ya tano malengelenge yakatokea kiunoni, upande mmoja, yamejipanga kuelekea mgongoni. Siku ya sita yakarukia kifuani na usoni. Mkanda wa jeshi. Ni kirusi kile kile cha tetekuwanga aliyougua akiwa mtoto, kilikuwa kimejificha kwenye mishipa ya fahamu miaka yote hiyo kikisubiri. Mwenye kinga nzima kinambana kiunoni basi. Yeye kinga tumeishusha wenyewe kwa makusudi, kikatoka na kutembea mwili mzima bila kuogopa mtu, mpaka ndani ya tumbo.

Akalazwa siku ya Jumatatu kwenye hospitali kubwa, chumba cha peke yake mwishoni mwa wodi ili asiwaambukize wengine. Mgeni alikuwa akiulizwa mlangoni kama amewahi kuugua tetekuwanga. Sisi tuliugua wote, ukoo wetu huwa tunagawana kila kitu, kwa hiyo tuliingia wote. Akatundikiwa dripu yenye dawa ya kupambana na kirusi, mara tatu kwa siku. Nesi, mama mmoja mnene mwenye miwani, akatuambia kwamba dawa ile mwili ukiwa mkavu inaweza kuganda ndani ya figo na kuliumiza, kwa hiyo maji ni muhimu.

Weee! Kuniambia mimi neno hilo ni kuwasha moto kwenye majani makavu. Siku hiyo hiyo nikapanga zamu. Mama asubuhi, shangazi mchana, binamu jioni, na mimi wakati wowote ninapojisikia. Nikanunua glasi mpya sita. Wageni walipanga foleni kwenye korido, kila mmoja na yake mkononi, na mdogo wangu, ambaye tangu utoto hajui kukataa, akawa anakunywa huku akifumba macho.

Mizani aliomba likizo kiwandani akaja na mkoba wenye vitu vitatu: daftari la mistari, kalamu, na jagi la plastiki lenye alama za kupimia. Kila glasi iliyoingia mdomoni aliiandika. Dripu akaiandika. Na mkojo, msinicheke, mkojo wa mumewe alikuwa anaumimina kwenye lile jagi, analiinua usawa wa macho dirishani, anaandika. Kila asubuhi alimshika mkono akampandisha kwenye mizani iliyokuwa kwenye korido. Manesi walikuwa na karatasi yao pale miguuni pa kitanda, lakini walikuwa wawili kwa wagonjwa arobaini, na glasi za wageni hakuna aliyekuwa akizitaja. Mimi niliona aibu. Nikamwambia mama pembeni kwamba mtoto wetu anaumwa, na mkewe amemgeuza gunia la unga.

Jumatano mdogo wangu alilalamika kichwa kinamuuma, chakula akakisukuma, akawa mnyonge. Alhamisi saa nne asubuhi niliingia na glasi yangu, akanitazama, akaniita kwa jina la mama yetu mdogo aliyefariki sisi tukiwa bado shule. Nikadhani ananitania. Akaendelea kunisimulia kwamba waya wa redio ya mjumbe umekatika, na vidole vyake vikawa vinasokota pindo la shuka, vinaunga nyaya ambazo hazipo. Nilichungulia lile jagi chini ya kitanda: mkojo kiasi kidogo, rangi ya chai nzito. Nikasema kwa sauti, mtoto amekauka huyu, homa imemkausha mpaka kichwa, mama, haraka, mpe maji.

Mama akamimina. Glasi ilikuwa imeshafika karibu na midomo ya mdogo wangu pale Mizani aliponyoosha mkono na kuuziba mdomo wa glasi kwa kiganja chake. Maji yakamwagika kidogo kwenye kitenge cha mama.

"Mama, nisamehe," akasema. "Asinywe."

Mkwe kumzuia mama mkwe mkono, tena mbele ya shangazi na binamu wawili! Basi mimi nikafunguka. Sirudii yote niliyosema, mengine hayafai kuandikwa. Nilimwambia ametuchosha na vipimo vyake. Nilimwambia anataka kumuua mtu kwa kiu akiwa amezungukwa na glasi sita. Nikamalizia na lile langu la siku zote, kwamba linalozungumziwa hapa ni figo langu.

Akanisubiri nimalize. Hakupandisha sauti.

"Figo ni lako, wifi. Mume ni wangu. Hebu tazama hapa." Akafungua daftari. "Tangu Jumatatu zimeingia lita tisa. Zimetoka nne na nusu, na kila siku zinazidi kupungua. Nyingine zimetoka kwa jasho. Hajala chochote, lakini kilo zimepanda mbili na nusu. Mtu aliyekauka hapandi kilo. Maji yamo ndani."

Kilichonipata pale sijawahi kumwambia mtu ila leo. Kama maji yanaingia na hayatoki, maana yake figo langu limekufa. Miaka sita nimetembea nikilitaja, na sasa limekufa ndani ya mdogo wangu, na yeye anakwenda nalo. Nikakaa chini kwenye kigae, mimi na ukubwa wangu huu. Mizani alikuwa ameshatoka na daftari lake kumtafuta daktari.

Daktari wa mafigo alikuwa kijana mrefu mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Alilisoma lile daftari akiwa amesimama kwenye korido, akageuza ukurasa, akarudi nyuma, kisha akauliza majibu ya damu ya asubuhi yako wapi. Kumbe maabara walishapiga simu wodini. Walisema sodiamu, yaani ile chumvi ya kwenye damu, imeonekana chini mno, na kwa kuwa haikuelekea kuwa kweli, walidhani damu ilitolewa mkono wenye dripu ikachanganyika na maji. Wakaomba ichukuliwe nyingine. Ujumbe ulikuwa umeandikwa kwenye kikaratasi, na kikaratasi kiko chini ya kikombe cha chai mezani kwa manesi. Damu ikatolewa upya, mkono wa pili, Mizani amesimama hapo hapo anatazama. Haikupita saa moja majibu yakarudi. Mtu mzima wa kawaida yuko kati ya mia thelathini na tano na mia arobaini na tano. Mdogo wangu alikuwa na mia moja na kumi na mbili.

Daktari alitueleza taratibu, na nitawaeleza kama nilivyoelewa. Kwenye ubongo kuna homoni inayoliambia figo lini lizuie maji na lini liyaachie. Kirusi kile kimeingia kwenye mishipa ya fahamu na kuivuruga ile homoni, ikawa inatoka muda wote bila sababu. Figo linapokea amri ya kuzuia maji, linazuia. Mtu anakunywa, linazuia. Maji yanazidi mwilini, chumvi inazimuliwa, na ubongo unaanza kuvimba. Ndiyo maana kichwa kinauma, ndiyo maana anaunga nyaya hewani. Ikishuka zaidi ya pale ni degedege, na baada ya degedege hakuna mwenye uhakika. Hata kwa watu wenye kinga nzima jambo hili hutokea, akasema, ila kwa mwenye kinga iliyoshushwa kirusi kinasambaa zaidi, na watu wanahangaika na malengelenge wanasahau kupima chumvi.

"Kwa hiyo figo halijafa?" nikamuuliza.

"Figo ni zima kabisa, mama. Linafanya linaloambiwa."

Nikashusha pumzi ndefu. Figo langu lilikuwa halina kosa, ni tiifu kuliko mimi mwenyewe. Lakini furaha yangu haikudumu hata dakika moja, kwa sababu daktari aliuliza swali lingine. Aliuliza ni nani aliyekuwa akimpa maji yote hayo.

Daftari lilikuwa wazi mkononi mwake Mizani. Nililiona. Kila glasi ilikuwa na saa yake, na pembeni jina la aliyeileta: mama, shangazi, binamu, wifi. Wifi, wifi, wifi, ukurasa mzima umejaa mimi. Nikasubiri anyooshe kidole. Mimi ningenyoosha, wallahi, tena vidole viwili. Mizani akafunga daftari.

"Sisi sote, daktari," akasema. "Tulidhani tunamsaidia."

Nikanywea. Nilitazama ukuta mpaka daktari alipoondoka.

Matibabu yalikuwa ya kupima tupu, kana kwamba yalitungwa kwa ajili yake. Dawa ya kirusi iendelee, kwenye kiasi kidogo cha maji kilichokokotolewa. Dripu ya chumvi kali, tone kwa tone kwa mashine. Damu ipimwe kila baada ya saa nne. Maji ya kunywa mililita mia nane kwa siku nzima, kila kitu humo, hata ya kumezea vidonge. Na daktari alisisitiza kitu ambacho sikukitegemea: chumvi isipandishwe haraka. Isizidi pointi nane kwa siku, maana ubongo ukinyang'anywa maji kwa pupa unaharibika moja kwa moja, na mtu anaweza kupooza. Wote tulitaka apone leo leo. Mizani peke yake ndiye aliyetikisa kichwa kukubali na kuandika, nane, akapigia mstari.

Zile glasi sita nilizirudisha nyumbani mwenyewe. Wageni wakaambiwa mlangoni hakuna maji, na hapo ndipo kelele zilipoanza. Ukoo ulikuwa umefundishwa miaka sita kwamba maji ni uhai wa mtu huyu, na mwalimu wao ni mimi. Shangazi alisema hajawahi kuona unyama wa namna hiyo. Mama alikaa amempa Mizani mgongo. Mizani alichukua kifuniko cha chupa akakifanya kipimo, akawa anampa mumewe maji kidogo kila baada ya muda, analowesha kitambaa na kumpangusa midomo, anaandika, anakaa. Ijumaa asubuhi ikawa mia na kumi na nane. Daktari akatabasamu. Mizani akauliza kama pointi sita si nyingi.

Jumamosi mchana joto lilikuwa la kuunguza. Chumvi ilikuwa imefika mia ishirini na mbili, na mdogo wangu alikuwa ameanza kunijua kwa vipindi. Mizani alikwenda kufua mashuka ya kwetu tuliyoleta, mama amesinzia kwenye benchi la korido, nikabaki naye mimi. Akafungua macho. Midomo ilikuwa imechanika, malengelenge shavuni yamekauka nusu. Akanitazama, akaniita Dada, si jina la marehemu, Dada. Machozi yalinitoka. Kisha akanishika mkono.

"Dada, figo ni lako," akasema. "Lina kiu. Lipe maji kidogo tu."

Maneno yangu mwenyewe. Miaka sita niliyatumia kumpiga nayo mkewe, na sasa yamenirudia kutoka kwenye mdomo uliopasuka wa mdogo wangu niliyembeba mgongoni utotoni. Chupa yangu ya maji ilikuwa kwenye mkoba. Nikaitoa. Nikamimina kwenye kikombe cha dawa, nikasema moyoni hiki tu, nani atajua. Lakini nisiseme uongo, niliogopa. Nikaona niangalie kwanza daftari, labda bado kuna chochote amebakiza kwenye sehemu yake ya siku. Lilikuwa juu ya kabati dogo la kitandani, wazi, kalamu katikati.

Hakuwa amebakiza kitu mpaka saa kumi. Hiyo niliisoma haraka. Kilichonishika ni safu ya pembeni ambayo sikuwahi kuiona. Juu yake aliandika "Mimi". Chini yake namba. Saa moja asubuhi, mia moja. Saa tatu, hamsini. Saa tano, mia moja. Nikalinganisha na safu ya mumewe. Ni zile zile, saa kwa saa, mililita kwa mililita. Nikafungua ukurasa wa jana: mia nane kwa mia nane. Mwanamke huyu alikuwa anapanda na kushuka ngazi kwenye joto lile, anafua, anamgeuza mgonjwa, na anakunywa vile vile anavyokunywa mumewe, asizidishe hata tone. Na hakumwambia mtu.

Nilikuwa bado nimeshika kikombe alipoingia na beseni la mashuka kichwani. Alikiona. Macho yake yalikwenda kwenye kikombe, kisha kwenye mdomo wa mumewe, kisha kwangu. Sasa ndipo nilipoitazama midomo yake vizuri, na ilikuwa imekauka mpaka imeota magamba. Nikamuonyesha ile safu, nikamuuliza hii ni nini.

Akatua beseni. Akaona haya, kama mtu aliyefumaniwa akila chakula cha watoto.

"Siwezi kumnyima kitu halafu nikakinywe mimi nje, wifi," akasema. "Ningemhurumia nikampa. Nikiwa na kiu yake, najua anaweza kuivumilia."

Mimi, mwenye mdomo usio na breki, nilikwenda kwenye sinki nikamwaga kikombe, nikamwaga na chupa nzima. Nikarudi nikakaa kitandani, nikamwambia mdogo wangu kwamba figo lilikuwa langu, nililitoa, sasa ni la nyumba yao, aulizwe mwenye nyumba. Akalia. Nikalia na mimi, na Mizani akatuambia kwa ile sauti yake ya chini tusilie sana, machozi hajui ayaandike wapi. Ndiyo mara ya kwanza katika miaka kumi na moja kumsikia akitania. Tukacheka watatu mpaka mama akaja kuchungulia nani amekufa.

Nikamtoa mama korido nikamweleza. Nikamsomea ile safu kutoka juu mpaka chini. Mama alisikiliza, akanyanyuka, akaingia chumbani akamkalisha Mizani kwenye kiti chake yeye, kile chenye mto. Shangazi alipokuja jioni na maneno yake ya unyama, nilimpokea mimi mlangoni, na hakuyarudia tena.

Mia ishirini na saba. Mia thelathini na moja. Siku ya tisa tangu alazwe, mia thelathini na sita. Malengelenge yakawa magamba, kichwa kikarudi mahali pake, na nyaya za hewani akaziacha. Siku moja kabla hatujatoka, yule nesi mnene alikuja na karatasi tupu na rula akamwomba Mizani amchoree zile safu zake, pamoja na ile ya glasi za wageni. Ukienda wodi ile leo utaikuta karatasi hiyo kila kitanda. Nimekwenda mwenyewe kuhakikisha, mara mbili, na mara zote mbili nimewaambia waliokuwepo kwamba aliyeichora ni wifi yangu. Wateja wangu nao sasa hawaponi. Nawaonyesha kovu haraka haraka, kisha nawasimulia habari za Mizani mpaka nguo inakwisha, na mtu akinipimisha kiuno mara mbili simnunii tena.

Daktari alituruhusu Jumatano asubuhi. Akasema sasa homoni imetulia, anywe kwa kiu yake, asilazimishwe wala asizuiwe. Nililichungulia daftari kwenye gari. Safu ya "Mimi" ilikuwa imefika mpaka asubuhi ile ile.

Nyumbani ukoo wote ulikuwa umejaa uani. Nilishawapiga marufuku, hakuna aliyeshika glasi, na walionekana kama watu waliosahau mikono yao nyumbani. Mdogo wangu alishuka polepole akaegemea bega la mkewe. Nikawapita wote, nikaingia jikoni, nikachukua glasi kubwa nikaijaza maji mpaka juu, nikatoka nayo. Watu wakanitolea macho, shangazi akaanza kufungua mdomo. Nikampita mdogo wangu, nikasimama mbele ya Mizani, nikaishika ile glasi kwa mikono miwili.

"Maji kwanza, wifi," nikamwambia. "Salamu baadaye."

Akaipokea. Akaiinua usawa wa macho dhidi ya mwanga, kama ilivyo kawaida yake, na mimi nikasubiri anitajie ni mililita ngapi. Hakutaja. Akainywa yote bila kupumua, na mimi nikarudi jikoni kumjazia ya pili.